Husikii, au unasikia na hutambui? Namna ya kufuata mazungumzo ya filamu za zamani za Uingereza

Mtu anayetumia Kiingereza kazini kila siku, anayefuata taarifa za habari za London bila shida, anaweza kukaa mbele ya filamu ya Uingereza ya mwaka 1938 akaambulia nusu tu ya maneno. Kitu cha kwanza anachofanya ni kuongeza sauti, na haisaidii, kwa sababu tatizo si moja. Kuna sauti iliyonaswa kwa vyombo hafifu au iliyochakaa baada ya kunaswa. Kuna nakala inayokimbia kuliko filamu yenyewe. Kuna lafudhi ambayo leo karibu hakuna anayeizungumza, na kuna maneno yaliyokwisha kuacha kutumika. Kila moja lina dawa yake, na mara nyingi dawa ya moja hudhuru jingine.

Kwa hiyo pima kwanza. Chagua sentensi moja isiyoeleweka, ivalie hedifoni, isikilize mara tatu. Ukiweza kuiga silabi zake kwa mdomo hata kama hujui maana, sauti ni nzima na kazi iliyobaki ni ya lugha. Ukishindwa hata kukadiria silabi ni ngapi, shughulikia sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Sauti iliyoandikwa kwa mwanga

Tangu mwisho wa miaka ya 1920 hadi kanda za sumaku zilipoingia studio karibu na mwaka 1950, sauti ya filamu ilinaswa kwa mwanga. Pembeni mwa picha kulikuwa na ukanda mwembamba ambao upana wake, au weusi wake, ulibadilika kufuata mawimbi ya sauti. Katika mashine ya kuonyeshea, taa ilipenya ukanda huo na seli ya mwanga ikaugeuza kuwa umeme wa kuendesha spika.

Ukanda huo ulibeba sauti hadi kama kilohezi 7 au 8 tu (hezi ni kipimo cha kimo cha sauti, kilohezi ni hezi 1000), tena nakala ikiwa nzuri. Irabu hazidhuriki kwa hilo kwa sababu nguvu yake kubwa iko chini. Zinazoumia ni konsonanti za pumzi: s, f, sh na th. S ina nguvu zake nyingi juu ya kilohezi 4, nazo f na th ni dhaifu tangu mwanzo. Ukikata sehemu ya juu, maneno “sin”, “fin” na “thin” yanakuwa neno moja, na msikilizaji anabaki kukisia kwa muktadha. Mwingereza hukisia bila kujijua. Aliyejifunza Kiingereza ukubwani hukwama hapo.

Nakala za milimita 16 zina hali mbaya zaidi. Filamu ya milimita 35 hupita kwenye mashine kwa mwendo wa mita 27 kwa dakika, ile ya milimita 16 kwa mita 11. Ukanda ukipita polepole, mawimbi ya juu hubanana mpaka mashine haiwezi kuyatenganisha. Nakala nyingi za zamani zilizoonyeshwa kwenye televisheni, na zile zilizozungushwa vijijini na magari ya sinema, zilikuwa za milimita 16. Ukikutana na filamu ambayo watu wote wanazungumza kana kwamba wameziba mdomo kwa leso, huenda imetokana na nakala ya namna hiyo. Tafuta nakala nyingine iliyotolewa kwenye milimita 35 kabla ya kupoteza jioni nzima ukihangaika na vitufe.

Maikrofoni nayo ilikuwa na ukomo wake. Kwa kawaida ilining’inizwa kwenye mlingoti juu ya waigizaji, nje kidogo ya fremu. Mwigizaji akigeuza uso, konsonanti zake zinakwenda ukutani na zinazobaki ni irabu. Miaka ya mwanzo hapakuwa hata na njia ya kuaminika ya kubadilisha sauti baadaye: katika “Blackmail” ya Alfred Hitchcock, mwaka 1929, mwigizaji Anny Ondra alikuwa na lafudhi nzito ya Kicheki, basi Joan Barry alisimama nje ya picha akiyasema maneno huku Ondra akichezesha midomo. Katika filamu za miaka hiyo ya mwanzo usitegemee sana kusoma midomo.

Jambo la mwisho kuhusu unasaji ndilo linaloeleza kwa nini nakala mbili za filamu ile ile zinaweza kusikika kinyume kabisa. Ukanda wa mwanga una mvumo wa “shhh” usiokwisha. Ili kuuficha, kumbi za sinema zilipunguza sauti za juu kwa makusudi, na mwaka 1938 kipimo cha upunguzaji huo kiliwekwa rasmi huko Hollywood. Kumbi na studio nyingi za Uingereza zilitumia mitambo ya kampuni za Marekani, RCA na Western Electric, kwa hiyo tabia ikawa hiyo hiyo. Mafundi wa studio, wakijua kitakachotokea ukumbini, waliongeza sauti za juu wakati wa kunasa. Leo anayehamisha filamu kwenda dijitali asipopunguza tena, utapata sauti kali, inayochoma, yenye mvumo mwingi. Akipunguza kupita kiasi na kuongeza programu ya kuondoa mvumo, programu hiyo hufuta pia s na f, kwa sababu kwake pumzi ya konsonanti na mvumo wa ukanda ni kitu kimoja. Utapata ukimya mzuri na maneno yasiyoeleweka. Kati ya hizo mbili, chagua yenye mvumo. Mvumo sikio huuzoea baada ya dakika kumi, lakini konsonanti iliyofutwa hairudi.

Kurekebisha sauti nyumbani

Spika za televisheni bapa hutazama chini au nyuma. Sauti hugonga ukuta kabla ya kukufikia, na filamu ya zamani haina konsonanti za kupoteza. Tumia hedifoni, au spika mbili ndogo zinazokuelekea. Zima kila kitu kinachoitwa sauti ya mzunguko, sauti pana au nyongeza ya besi. Filamu hizi zina mkondo mmoja tu wa sauti, na kila jitihada ya kuutawanya huutia ukungu.

Kisha fungua ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha sauti za chini, za kati na za juu kila moja peke yake. Programu ya VLC inayo bila malipo, na simu nyingi zinayo kwenye mipangilio ya sauti. Anza hivi: shusha kabisa kila kilicho chini ya hezi 100, maana huko kuna mngurumo wa umeme na mitambo tu. Shusha eneo la hezi 200 hadi 400 kwa desibeli 2 au 3, ndilo linalofanya sauti isikike kama inatoka ndani ya pipa. Pandisha kati ya kilohezi 2 na 4 kwa desibeli 3 hadi 5, kwa sababu hapo ndipo konsonanti nyingi zinapotambulika. Juu ya kilohezi 8 shusha tena, hakuna maneno huko. Nakala ikiwa ya ile aina inayochoma, usipandishe kitu. Shusha tu kilohezi 3 hadi 5 kidogo kidogo mpaka s iache kuuma. Kosa la kawaida ni kupandisha kila kitu kwa desibeli 10 ukidhani zaidi ni bora. Sauti hupasuka, na mipasuko huketi juu ya konsonanti zile zile ulizokuwa unazitafuta.

Kuna hitilafu moja ambayo wengi huitazama bila kuijua. Wakati mwingine sauti ya mkondo mmoja huhifadhiwa katika njia mbili, kushoto na kulia, na njia moja ikageuzwa kinyume. Kwenye hedifoni sauti inaonekana kuelea nje ya kichwa. Kwenye simu yenye spika moja, mazungumzo na muziki hupotea karibu vyote, kwa sababu njia hizo mbili zinafutana. Hapa ikwalaiza haina msaada wowote. Kwenye VLC nenda kwenye menyu ya sauti, chagua namna ya stirio, weka njia ya kushoto peke yake. Maneno yanarudi papo hapo.

Halafu kuna kasi. Filamu ilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini televisheni ya Ulaya iliendeshwa kwa fremu 25. Njia rahisi ya kuhamisha ilikuwa kuikimbiza filamu yote, na DVD nyingi za Uingereza ziko hivyo. Filamu ya dakika 100 inakwisha kwa dakika 96, watu wanazungumza kwa haraka zaidi kwa asilimia 4, na sauti zao zinapanda kidogo, chini ya nusutoni moja. Asilimia 4 inaonekana ndogo, lakini waigizaji wa miaka ya 1930 walikuwa tayari wanazungumza mbio. Linganisha urefu wa nakala yako na urefu uliotangazwa wa filamu. Ukikuta tofauti ya dakika 4 kwa kila 100, weka kasi ya VLC kuwa 0.96. Ukitaka na kimo cha sauti kirudi mahali pake, ondoa alama kwenye chaguo la kunyoosha muda wa sauti katika mipangilio ya sauti.

Kwa kusikiliza kwa kujifunza unaweza kushuka hadi 0.9 au 0.85. Usishuke chini ya 0.75: programu hulazimika kuzirefusha konsonanti fupi kama p, t na k, nazo hugeuka ukungu.

Lafudhi: ufunguo uko kwenye Kiswahili

Wahusika wengi wa filamu za miaka ya 1930 na 1940 wanazungumza RP, matamshi ya shule za bweni za matajiri, ya jukwaa la London na ya watangazaji wa BBC. Mwaka 1926 BBC iliunda kamati ya kushauri juu ya Kiingereza cha kusemwa, na miaka ya 1930 mwenyekiti wake alikuwa George Bernard Shaw. RP ya wakati ule si ile inayosikika leo.

Irabu iliyobadilika zaidi ni ile ya “man”, “bank”, “hat”. Zamani ilikaa karibu sana na e. Msemaji wa Kiswahili ana ushahidi wake mdomoni: tunasema begi, benki, bendi, betri, meneja, jeki. Kila neno hapo kwa Kiingereza lina herufi a, na waliolikopa waliandika e kwa sababu ndiyo waliyoisikia. Basi unaposikia katika filamu mtu anasema “thet men in the bleck het”, rudisha a mahali pa e kama unavyotoka benki kwenda “bank”, na sentensi inafunguka.

R ni hivyo hivyo. Kadi, shati, nesi, pasipoti: maneno haya yote yana r katika maandishi ya Kiingereza na hatukuisikia, kwa sababu Mwingereza wa kusini haitamki isipofuatwa na irabu. Ikifuatwa na irabu inaibuka, hata mahali isipoandikwa: “law and order” husikika “lo-ra-no-da”. Na katikati ya irabu mbili, kama katika “very” au “sorry”, RP ya zamani hupiga r moja ya ncha ya ulimi, karibu sawa na ya Kiswahili. Aliyezoea Kiingereza cha Marekani hudhani amesikia d.

Yapo mengine ya kuweka kichwani kabla ya kubonyeza kitufe cha kucheza. “Off”, “lost”, “cross” hurefushwa kuwa “oof”, “loost”, “kroos”. “Fire” huwa “faa”, “tower” huwa “taa”. Siku za wiki huishia kwa “-di”: “Mandi”, “Sandi”, na “yesterday” ni “yestadi”. “Girl” kinywani mwa watu wa tabaka la juu ni “gel”.

Lakini irabu hizi, hata ukizijua zote, si kikwazo kikubwa. Kikwazo kikubwa ni mdundo. Kiswahili hutamka kila silabi kikamilifu na kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio letu hungoja kila silabi ifike. Kiingereza huchagua silabi chache nzito na kuzikanyaga nyingine. Chukua “I should have thought he’d have told you.” Kinachofika sikioni ni: aishdav THOOT hidav TOULD yu. Nzito ni mbili tu. Anayengoja “should” na “have” zitamkwe wazi anapitwa na “thought”, na akija kushtuka sentensi imekwisha.

Zoezi lake ni hili. Chukua sekunde 10 za mazungumzo na uandike maneno mazito peke yake, hata kama ni matatu. Rudia, ujaze vijineno vya katikati kwa sarufi badala ya sikio: kati ya “thought” na “told” kunaweza kukaa nini ili Kiingereza kiwe sahihi? Mara ya tatu sikiliza kuhakiki ulichojaza. Utaona kwamba “of”, “have”, “to”, “and”, “them”, “was” huwa haviji kwa umbo ulilofundishwa shuleni. “Have” ni “av” au “a” tupu, “and” ni “n”, “them” ni “dham” isiyo na nguvu.

Wanapozungumza wengine

Filamu nzuri ya kuzoeza sikio ni “Pygmalion” ya mwaka 1938, iliyotokana na tamthilia ya huyo huyo Shaw, kwa sababu mwigizaji mmoja, Wendy Hiller, anaanza kwa Kikokni, lafudhi ya watu wa kawaida wa London, na kumalizia kwa RP. Unapata lafudhi mbili kwa sauti ile ile, na jambo hilo ni adimu.

Kikokni cha London huacha h, hukata t katikati ya neno kwa kukaba koo, na hugeuza “day” kuwa kama “dai”. Th huwa f na dh huwa v: “three” ni “fri”, “brother” ni “brava”. Mtu wa pwani anayetofautisha thamani na dhahabu bila kufikiri husikiliza th hizo na hazipati, aache kuzitafuta. Juu yake kuna maneno ya vina yaliyokatwa mkia: “butcher’s hook” ni “look”, kisha “hook” inaachwa, na mtu anasema “have a butcher’s” akimaanisha tazama. “China” ni rafiki, kutoka “china plate” na “mate”. “Loaf” ni kichwa, kutoka “loaf of bread” na “head”. Haya hayakisiwi, hukaririwa.

Kaskazini mwa Uingereza mambo ni tofauti. “Kes” ya Ken Loach, mwaka 1969, ilipigwa Barnsley na waigizaji wengi wakiwa wenyeji, na watazamaji wa London wenyewe huona ugumu. Kwa msemaji wa Kiswahili kuna nafuu moja: “bus”, “cup” na “love” zina u kama ya kuku. Ugumu uko kwenye “the”, ambayo hupungua kuwa t au kikwazo kifupi cha koo, na kwenye maneno kama “nowt” (hakuna kitu), “owt” (kitu chochote), “summat” (kitu fulani) na “tha” (wewe). Orodha hiyo fupi huondoa sehemu kubwa ya giza.

Umesikia sawa, lakini maana imehama

Hatari hii ni ya kimyakimya, kwa sababu hujui kwamba umekosea. “Make love” katika filamu ya mwaka 1936 ni kumbembeleza mtu kwa maneno. “Gay” ni mchangamfu. “Queer” ni jambo la ajabu, au mtu asiyejisikia vizuri. “Presently” ni baada ya muda mfupi, “directly” ni sasa hivi. “Wireless” ni redio, “trunk call” ni simu ya mbali. “Half seven” ni saa moja na nusu kwa saa zetu.

Fedha zinahitaji hesabu. Hadi tarehe 15 Februari 1971 pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. “Bob” ni shilingi, na Mkenya hahitaji kuambiwa hilo. Kama Nairobi, halina wingi: “five bob”. “Tanner” ni peni 6, “half a crown” ni shilingi 2 na peni 6, nayo hutajwa “two and six”. “Guinea” ni shilingi 21. “Tuppence” ni peni 2, na “ha’penny”, nusu peni, hutamkwa “heipni”. Ukisikia mtu anasema “one and eleven three”, ni bei ya dukani: shilingi 1, peni 11 na robo tatu.

Simu za London zilikuwa na jina la eneo kisha tarakimu, kama “Whitehall 1212”, namba ya Scotland Yard. Kwenye kibanda cha simu mpigaji alibonyeza kitufe A akijibiwa ili asikike, au kitufe B arudishiwe sarafu. Mtu akitaja “button B” akiwa amekasirika, maana yake hakupata aliyemtafuta.

Manukuu

Maandishi ya chini ya picha yaje baada ya sikio. Sikiliza tukio zima bila maandishi, kisha yawashe, kisha uyazime na urudie. Chagua ya Kiingereza yaliyotengenezwa kwa ajili ya viziwi, lakini jua kwamba hufupishwa ili yasomeke kwa wakati, kwa hiyo kutolingana na sauti si lazima liwe kosa la sikio lako. Yanayotengenezwa na kompyuta yenyewe huboronga sana lafudhi hizi na sauti ya ukanda wa mwanga, usiyafanye hakimu.

Maandishi yakichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, bonyeza g au h kwenye VLC kuyasogeza. Yakianza sawa na kuachana polepole mpaka mwishoni tofauti ni dakika kadhaa, ni ile kasi ya fremu 24 na 25 tena, na kuyasogeza hakutatosha. Yafungue kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri manukuu, badilisha kasi ya fremu kutoka 24 kwenda 25 au kinyume chake, na uyahifadhi upya.

Sehemu moja usiirudishe nyuma hata mara moja: umati wa watu baani, sokoni au mahakamani unaonong’ona nyuma ya waigizaji wakuu. Desturi ya jukwaa na studio za Uingereza ilikuwa wasaidizi hao waseme “rhubarb, rhubarb”, jina la mmea wa mapishi, ili midomo icheze na sauti ivume bila neno lolote kusikika.